Mwaka 2006 Apple iliingiza hela nyingi kwa iPod kuliko kwa kompyuta. Bila kile kidude ingesalimika?

#1 Kiroboto wa Data
Habari zenu wakuu.

Napitia taarifa za fedha za Apple za miaka ile na kuna namba zimeninyima usingizi. Robo ya Oktoba hadi Desemba 2005 kampuni iliingiza dola bilioni 5.75. Kati ya hizo, bilioni 2.9 zilitoka kwenye iPod. Zaidi ya nusu ya hela yote! Ziliuzwa iPod milioni 14 ndani ya miezi mitatu, huku kompyuta za Mac zikiishia milioni 1.25.

Sasa chukua mwaka mzima wa fedha wa 2006. iPod bilioni 7.68, Mac bilioni 7.38. Kampuni iliyoanza na kompyuta mwaka 1976, na wakati huo bado jina lake rasmi ni Apple Computer, inakula zaidi kwenye kicheza muziki cha mfukoni kuliko kwenye kompyuta. Jina walikuja kulipunguza Januari 2007.

Msimamo wangu: bila iPod, Apple ingekuwa jina la kwenye makumbusho. Mwaka wa fedha 2001 walikula hasara ya dola milioni 25. Mwaka 2003 faida haikufika hata milioni 70. Mwaka 2006 faida inakaribia bilioni 2. Katikati hapo kilichobadilika ni kitu kimoja. Mwenye hoja tofauti aje na namba.

#2 Chui Mweupe
Nimeshika kiti cha mbele. Kiroboto akianza na "msimamo wangu" ujue uzi hauishi leo.

#3 Mhasibu Mstaafu
Kijana, hoja nzuri, ila tuweke mahesabu sawa kabla watu hawajabeba hiyo "zaidi ya nusu" na kuondoka nayo.

Mwaka wa fedha wa Apple unafungwa mwishoni mwa Septemba. Robo ya Oktoba hadi Desemba kwao ni robo ya kwanza, na ndiyo robo ya Krismasi. iPod ilikuwa zawadi. Wamarekani walinunuliana, wazazi wakawanunulia watoto. Angalia robo zilizofuata mwaka uleule: milioni 8.5, kisha 8.1, kisha 8.7. Kutoka 14 hadi 8.5 ni kushuka kwa kutisha ukisoma robo moja moja, lakini ni kawaida kabisa ukijua kalenda.

Kwa hiyo tusome kwa mwaka. Sehemu ya iPod kwenye mapato yote:

2004: bilioni 1.3 kati ya 8.28, takriban asilimia 16.
2005: bilioni 4.54 kati ya 13.93, takriban 33.
2006: bilioni 7.68 kati ya 19.3, takriban 40.
2007: bilioni 8.3 kati ya 24, takriban 35.

Kilele ni asilimia 40, si zaidi ya nusu. Huo ni utegemezi mkubwa, sibishi. Lakini mwaka 2007 tayari umeanza kupungua, na iPod zenyewe bado zinaongezeka: milioni 39.4 mwaka 2006, milioni 51.6 mwaka 2007. Sehemu inashuka huku mauzo yanapanda, maana Mac nayo ilikuwa inakimbia.

#4 Mama Vitenge
Shikamoo Mhasibu. Hapo kwenye Krismasi naomba nikupinge kidogo, maana nauza nguo.

Duka langu linapumua kabla ya Idi na kabla ya Krismasi. Ukija Machi ukasoma daftari langu utasema vitenge vya sikukuu si kitu, mama huyu anaishi kwa sare za shule. Lakini kodi ya mwaka nailipa kwa hela ya sikukuu. Mzigo mpya nauagiza kwa hela ya sikukuu. Idi moja ikiniharibikia, mwaka mzima umeharibika, hata kama kwenye jumla ya mwaka inaonekana ni theluthi tu.

Kwa hiyo robo ile ya Desemba mimi siiondoi. Naiona ndiyo kipimo chenyewe. Kama nusu ya sikukuu yako inabebwa na bidhaa moja, unategemea bidhaa hiyo, tena sana.

#5 Mhasibu Mstaafu
Marahaba mama. Tofauti ni kwamba wewe una mtaji wa kuzungusha, wao walikuwa wamekalia akiba. Hata 2001, mwaka wa hasara, Apple ilikuwa na fedha taslimu na vitega uchumi vya muda mfupi vya zaidi ya dola bilioni 4. Ndiyo maana hiyo "makumbusho" ya Kiroboto siikubali. Kampuni yenye akiba hiyo haifi kwa Krismasi moja mbaya.

#6 Kiroboto wa Data
#5 Mzee wangu, akiba inakununulia muda, haikununulii wateja. Mac waliuza ngapi 2001? Milioni 3.1. Na 2003? Milioni 3. Miaka miwili palepale. Akiba ingeliwa polepole mpaka ikaisha.

#7 Fundi Redio
Asante Kiroboto, umejileta mwenyewe. Nilikuwa nasubiri mtu ataje Mac.

Kila ukisoma habari za Apple unakutana na hadithi kwamba iPod "iliibeba" Mac: mtu ananunua iPod, anaipenda, kesho anarudi kununua kompyuta. Haya, tuipime. iPod ilitangazwa 23 Oktoba 2001, dola 399, diski ya 5GB kutoka Toshiba, inaingiza nyimbo 1,000. Mac ziliuzwa hivi: 2001 milioni 3.1. 2002 milioni 3.1. 2003 milioni 3. 2004 milioni 3.3. Miaka mitatu ya iPod na Mac haijasogea! Ndipo 2005 inafika 4.5, 2006 inafika 5.3, 2007 inafika 7, 2008 inafika 9.7.

Je, kupanda huko ni iPod? Juni 2005 walitangaza wanahamia chipu za Intel, na Januari 2006 Mac za kwanza za Intel zikatoka. Mwaka huohuo ikawezekana kuwasha Windows ndani ya Mac. Mtu aliyekuwa anaogopa kupoteza programu zake za kazini hana tena sababu ya kuogopa. Mimi naipa Intel sifa hiyo. iPod ilikuwepo tu wakati picha inapigwa.

#8 Binti wa Minnesota
Habari wote. Fundi, mimi ni ushahidi hai kinyume chako.

Nilikuja kusoma chuo huku Marekani miaka hiyohiyo. Sikuwahi kuigusa Mac nyumbani. Wanafunzi wenzangu karibu wote walikuwa na zile waya nyeupe masikioni, na mimi nikanunua iPod mini kwa hela ya kazi ya mghahawani. Kidude kilinishinda kwa uzuri. Hakikuganda hata mara moja, wakati laptopu yangu ya Windows ilikuwa inajaa virusi kila nikichomeka flashi ya mtu. Laptopu ilipokufa, sikujiuliza mara mbili. Nilikwenda kwenye duka la Apple nikanunua Mac, na sikujua kabisa ndani yake kuna chipu ya nani. Neno Intel halikuwa kichwani mwangu.

Na kuna jambo hamjaligusa: maduka. La kwanza lilifunguliwa Mei 2001, miezi kabla ya iPod. Watu waliingia kushika iPod, na Mac zimepangwa pale mezani zinawaangalia. Apple wenyewe walikuwa wakiwaambia wawekezaji kwamba karibu nusu ya wanaonunua Mac madukani mwao hawakuwa na Mac kabla.

#9 Fundi Redio
Dada, hapo umenisaidia mimi. Maduka ndiyo yameleta Mac, basi! Tunaongeza sababu ya tatu, iPod inazidi kupungukiwa.

#10 Binti wa Minnesota
Na nani alijaza watu madukani, Fundi?

#11 Chui Mweupe
😂 Fundi kimya.

#12 Nyota ya Mvita
Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Naona mnazungumza mapato, mapato, mapato. Mapato ni kelele. Tuulize faida.

Apple hawakuwahi kutoa faida ya kila bidhaa, lakini kuna watafiti wa University of California, Irvine waliofanya kazi nzuri mwaka 2007. Waliichukua iPod ya video ya 30GB, ile iliyokuwa ikiuzwa dola 299, wakaifungua kipuri baada ya kipuri. Gharama ya kuitengeneza hadi kutoka kiwandani waliikadiria dola 144. Diski peke yake, ya Toshiba, ilikuwa kama dola 73, nusu ya gharama yote. Apple ilibaki na kama dola 80 kwa kila moja iliyopitia maduka ya watu wengine, na zaidi ikiwa imeuzwa dukani kwao. Kuunganisha kule China kulichukua dola chache mno.

Dola 80 kwa kifaa cha 299. Zidisha kwa mamilioni. Hiyo si bidhaa ya kuvutia wateja tu, ni bidhaa iliyokuwa ikilisha kampuni. Na kumbukeni Mac inahitaji wahandisi wa mfumo mzima wa uendeshaji. iPod za mwanzo mfumo wake sehemu kubwa ulitoka kwa Pixo na chipu zilitoka PortalPlayer, kampuni za nje. Nyepesi kuibeba.

#13 Bwana Kinyozi
Lakini wakuu, hela halisi si ilikuwa kwenye nyimbo? iPod ni chambo, nyimbo senti 99 ndiyo samaki. Kama wembe na mpini wake.

#14 Nyota ya Mvita
Hapana kaka, ni kinyume chake. Duka la iTunes, la Apple la kuuza nyimbo mtandaoni, lilifunguliwa 28 Aprili 2003, na sehemu kubwa ya zile senti 99 ilikwenda kwa kampuni za muziki. Inayobaki ilipe kadi za benki, seva na intaneti. Samaki alikuwa iPod.

Ushahidi? Februari 2007 Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, aliandika barua ya wazi kuhusu muziki na kufuli za kidijitali za kuzuia kunakili. Akasema hadi mwisho wa 2006 walikuwa wameuza iPod milioni 90 na nyimbo bilioni 2. Gawanya: nyimbo 22 kwa kila iPod. Yaani kwa hesabu yake mwenyewe, chini ya asilimia 3 ya muziki ulio kwenye iPod ya kawaida ulinunuliwa kwao. Zilizobaki watu walizitoa kwenye CD zao au walizitoa wanakojua wenyewe.

#15 Bwana Kinyozi
Kumbe hata Wamarekani walikuwa wanakopiana. Asante kwa elimu.

#16 Dogo wa Makongo
Wakubwa shikamooni. Mimi nimezaliwa 2005, kwa hiyo naomba kueleweshwa. Nyimbo mlikuwa mnaziingizaje kama hakuna bando?

#17 Chui Mweupe
Marahaba. Mjukuu kafika, msogezeeni kigoda.

#18 Mpemba wa Deira
Assalaam alaykum jamaa. Dogo, huko nyumbani kulikuwa na vibanda. Unakwenda na kadi ya memori ya simu, kijana ana kompyuta imejaa nyimbo, unamtajia wasanii, anakujazia kwa bei ya wimbo mmoja mmoja au kwa kadi nzima. iPod ilikuwa shida kwenye vibanda vile, kwa sababu haikubali kunakiliwa nyimbo kama flashi. Lazima ipitie programu ya iTunes, na ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine inataka kufuta kila kitu ianze upya. Watu walilia.

Mie nilikuwa nikiuza vifaa vya elektroniki hapa Deira, Dubai, miaka ile. Wateja wa Afrika Mashariki waliokuja kuchukua mzigo hawakutaka iPod kwa wingi. Walitaka MP3 za Kichina zenye umbo la kijiti, za kutia betri ndogo, na simu za muziki. Sony Ericsson W800 ilipotoka 2005, yenye nembo ya Walkman na sehemu ya kadi, watu waliigombea. iPod walichukua wale wenye ndugu Ulaya au waliotaka kuonekana.

Ndiyo maana hoja ya utegemezi naiangalia hivi: Apple walitegemea iPod, lakini pia walitegemea mnunuzi wa aina fulani, mwenye kompyuta nyumbani, mwenye CD kabatini na intaneti ya kasi. Sehemu kubwa ya dunia ilikuwa nje ya hesabu hiyo, ikasubiri simu.

#19 Mama Vitenge
#18 hapo pa kufuta nyimbo umenikumbusha machungu. Mdogo wangu aliletewa moja kutoka nje, akaipeleka kibandani ajaziwe taarabu. Ikarudi tupu.

#20 Fundi Redio
Mpemba katugusa pazuri. Niongeze upande wa Windows, maana ndipo palipobadilisha kila kitu. iPod ya kwanza ilikubali Mac tu, kupitia waya wa FireWire. 2002 wakatoa ya Windows, ikitumia programu ya kampuni nyingine. Oktoba 2003 iTunes yenyewe ikaja kwenye Windows. Tazama sasa mwaka wa fedha 2003: iPod chini ya milioni 1. 2004: milioni 4.4. 2005: milioni 22.5.

Mara tano kwa mwaka mmoja! Huo si uchawi wa Mac, ni kwamba soko liliongezeka kutoka wenye Mac wachache hadi karibu kila mwenye kompyuta. Kwa hiyo iPod ilitegemea Windows ya Microsoft. Kila mtu anategemea mwenzake hapa.

#21 Kiroboto wa Data
Fundi, na hiyo ya 2005 usisahau kilichoingia sokoni. iPod mini Januari 2004 kwa dola 249, shuffle Januari 2005 kuanzia dola 99, kisha Septemba 2005 wakaizika mini, bidhaa yao iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote, wakaleta nano. Nani anaua bidhaa inayouzwa zaidi ikiwa bado moto? Hapo ndipo mimi huvua kofia.

#22 Mzee wa Chipu
Nimesoma kimya kimya, sasa niingie. Wote mnazungumzia Apple ikitegemea iPod. Hamjawataja waliotegemea iPod kuliko Apple yenyewe.

PortalPlayer, waliotengeneza chipu kuu ya iPod, waliishi kwa mteja huyo mmoja. Sehemu kubwa mno ya mapato yao ilitoka iPod. Aprili 2006 wakatangaza kwamba chipu yao mpya haikuchaguliwa kwa iPod zijazo za flashi, yaani zinazotunza nyimbo kwenye chipu za memori badala ya diski. Hisa zao zikaporomoka vibaya. Kabla mwaka haujaisha Nvidia wakatangaza kuinunua kampuni kwa kama dola milioni 357. Habari ikaishia hapo. Huo ndio utegemezi wa kweli: mwenzako anaamka asubuhi anabadilisha kipuri, wewe huna kampuni.

Sasa linganisha na Apple. Novemba 2005 waliingia mikataba ya muda mrefu na Hynix, Intel, Micron, Samsung na Toshiba, wakakubali kulipa kabla jumla ya dola bilioni 1.25 ili wapate flashi ya kutosha hadi 2010. Hakuna mtengenezaji mwingine wa vicheza muziki aliyeweza kufanya hivyo. Creative wa Singapore walikuwa na vicheza muziki kabla ya iPod, na walikuwa na hataza iliyowalazimu Apple kuwalipa dola milioni 100 mwaka 2006, lakini kwenye kununua flashi hawakuwa na ubavu huo.

Kwa macho yangu, faida kubwa ya iPod haikuwa hela. Ilikuwa nafasi kwenye foleni ya viwanda. iPhone ilipokuja 2007 inahitaji flashi, uhusiano tayari ulikuwepo.

#23 Mhasibu Mstaafu
#22 Nimefurahi sana. Hilo halionekani kwenye jedwali la mapato, na ndiyo sababu namba za Kiroboto na zangu zote zinapungukiwa.

#24 Nyota ya Mvita
Naheshimu, Mzee wa Chipu, lakini hela ya kulipa kabla ilitoka wapi kama si iPod? Tunazunguka mti uleule.

#25 Mzee wa Chipu
Sehemu ilitoka huko. Sehemu ilikuwa ile akiba ya Mhasibu. Apple yenye faida ndogo lakini yenye mabilioni benki ingeweza kuweka sahihi mikataba ile. Apple yenye iPod na bila akiba isingeweza.

#26 Kiroboto wa Data
Tuje kwenye mwisho wa iPod, maana nadhani unajibu swali lote.

Mwaka 2005 ndani ya Apple tayari kulikuwa na hofu. Wasifu wa Jobs uliotoka 2011 unaeleza alivyoiambia bodi kwamba simu ndiyo itakayowaua: zilikuwa zimeanza kula soko la kamera, na zikishaweka muziki vizuri iPod haina kazi. Mpemba hapa ametuletea W800, ni mwaka uleule! Wakajaribu na Motorola, simu ya ROKR ikatoka Septemba 2005, nyimbo zisizozidi 100. Haikuenda popote. Januari 2007 wakaitangaza iPhone, na Jobs akaitambulisha kwanza kama iPod yenye skrini pana ya kugusa. Julai 2009 mkuu wao wa fedha, Peter Oppenheimer, aliwaambia wachambuzi waziwazi kwamba wanatarajia vicheza muziki vya kawaida vishuke kwa sababu iPod touch na iPhone zinavila.

Kampuni inayotegemea kitu kwa uoga haifanyi hivyo. Inakilinda mpaka inakufa nacho.

#27 Fundi Redio
Ngoja, ndugu yangu. Kwenye #1 ulisema bila iPod wangekufa. Sasa unasema waliiua wenyewe kwa ujasiri. Chagua moja!

#28 Kiroboto wa Data
Zote mbili zinakaa pamoja, Fundi. 2003 wasingeishi bila iPod. 2007 waliweza kuiacha kwa sababu ilikuwa imewapa nguvu ya kuiacha.

#29 Mhasibu Mstaafu
Tena hawakuiua haraka kama inavyosemwa. Kilele cha mauzo ni mwaka wa fedha 2008, milioni 54.8, mwaka mzima baada ya iPhone kuingia sokoni. 2009 milioni 54.1. 2010 milioni 50. Ndipo mteremko: 42.6, 35.2, 26.4, na 2014 milioni 14.4. Na kuanzia 2011 hivi, zaidi ya nusu ya iPod zilizouzwa zilikuwa touch, ambayo ni iPhone isiyo na simu. Januari 2014 mkuu wa Apple, Tim Cook, akasema hadharani kwamba ni biashara inayoshuka. Mwaka wa fedha uliofuata wakaacha kuitolea namba, ikatupwa kwenye kundi la "bidhaa nyingine".

Utegemezi wenyewe haukufa, ulihama. iPod ilifika asilimia 40 kwa mwaka. iPhone mwaka 2015 ilikuwa bilioni 155 kati ya bilioni 233.7, yaani asilimia 66. Mwaka 2024 bado asilimia 51. Tunaishangaa iPod ya 2006 huku kampuni ya leo inategemea bidhaa moja kuliko wakati ule. Hili ndilo linaloniumiza kichwa mimi, na sioni wachambuzi wakiliuliza vya kutosha.

#30 Mama Vitenge
Mhasibu, simu si sawa na iPod lakini. Simu ikikufa leo, kesho asubuhi umenunua nyingine hata kwa mkopo, biashara yako imo humo, hela yako imo humo. iPod ikifa unaweza kukaa mwaka bila. Kutegemea kitu ambacho mteja hawezi kukikosa si hatari ileile.

#31 Binti wa Minnesota
Nakazia #30. Na huku nilipo watu wengi hulipia iPhone kidogo kidogo kupitia kampuni ya simu, kila mwezi. iPod ililipwa taslimu siku moja, ukimaliza umemaliza.

#32 Mhasibu Mstaafu
Nokia nayo ilikuwa simu, binti zangu.

#33 Mzee wa Chipu
Mhasibu ana neno. Walkman, kicheza kaseti cha Sony, nayo ilitamba tangu 1979.

#34 Chui Mweupe
Kwa hiyo hadi sasa tuna: Krismasi, Intel, maduka, Windows, flashi, akiba ya benki, na waya nyeupe. Kiroboto, rekebisha kichwa cha uzi.

#35 Kiroboto wa Data
Sirekebishi kitu 😀 Bilioni 7.68 dhidi ya 7.38. Namba haijahama.

#36 Dogo wa Makongo
Asanteni wakubwa, nimejifunza mengi. Sasa nina swali la pembeni. Mjomba ana iPod classic ya zamani, inawaka lakini inatoa sauti ya kugonga na haichezi. Naweza kuifufua, au niitupe?

#37 Fundi Redio
Usitupe! Sauti ya kugonga ni diski, imechoka. Kuna vibao vidogo vinavyokaa mahali pa diski ile na kupokea kadi za SD au microSD. Unafungua kifuniko taratibu kwa kijiti cha plastiki, maana klipu zake zinapinda kirahisi, unatoa diski, unaweka kibao na kadi, halafu unairejesha upya kwa iTunes kwenye kompyuta. Ukishaifungua badilisha na betri hapohapo, hutataka kurudia kuifungua. Kadi haina kinachozunguka, kwa hiyo chaji inakaa zaidi. Kwanza angalia nyuma imeandikwa GB ngapi na ni toleo lipi, vibao havifanani.

#38 Mpemba wa Deira
Dogo, nitumie picha ya nyuma yake kwenye ujumbe. Vibao hivyo hapa vinapatikana, na kuna jamaa anasafiri Dar wiki ijayo.